Ng'ombe Mwenye Kioo

Kuku alikuwa amelalia mayai ndani ya televisheni yangu.

Nilikuwa nimekwenda Migato kumjulia hali mkwe wangu Kasmiri, baba yake Lucy, mke wa mwanangu Salu. Alisema ana homa. Nilipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji ya kunawa, nikaiona chini ya ukuta: boksi la rangi ya chungwa, kitufe cha stesheni kimevunjika, kioo chake kidogo kama sahani ya chai kimejaa vumbi. Kifuniko cha nyuma hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kichwa cha kuku kinanitazama kama mimi ndiye mwizi.

Televisheni hiyo niliinunua kwa pamba yangu, mwaka ambao pamba ililipa. Picha nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari, chenga nyingi kuliko watu. Nilikuwa nimesoma elimu ya watu wazima usiku, baada ya jembe, na nikasema aliyejifunza kusoma habari ana haki ya kuziona pia. Salu alipomchumbia Lucy, Kasmiri alitaka ng'ombe kumi na wawili. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Kasmiri akatazama sebuleni kwangu, akanyoosha kidole.

"Wa kumi na mbili ni yule pale."

Wazee walicheka. Mimi sikucheka, lakini harusi ilikuwa imekaribia. Ikaondoka kwenye keria ya baiskeli, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Tangu siku hiyo wanawake kisimani walimwita Lucy mke wa televisheni.

Nikarudi mbele ya nyumba.

"Kasmiri, kile ni nini?"

"Kuku."

"Kuku nimemwona. Nauliza alimolala."

"Ah, ng'ombe wako! Alikufa zamani, mkwe. Vilipoingia ving'amuzi akakata roho. Sikumchinja. Nimempangisha kuku."

"Naondoka nayo."

Homa ikamwisha hapo hapo. Akasimama. "Ng'ombe wa mahari akirudi alikotoka, binti naye anarudi kwao. Unamrudisha Lucy? Watoto wanne, mkwe! Ngoja niite mashahidi, urudie wakisikia."

Niliondoka mikono mitupu kwa sababu alikuwa sahihi, na hakuna kinachoniuma kama Kasmiri kuwa sahihi.

Nyumbani nilimweleza Lucy. Alicheka mpaka akaweka sinia chini.

"Baba, si umchungie? Ng'ombe abaki wake, wewe umtunze, unywe maziwa."

Ndivyo tunavyofanya huku. Mwenye mifugo mingi humpa mwingine amtunzie. Anayetunza hunywa maziwa, na wakizaa hupata ndama wake. Lakini mimi, nichunge mali niliyoinunua mwenyewe! Usiku huo sikula. Asubuhi nikatuma ujumbe kwamba nakubali. Kasmiri alijibu kwa furaha iliyonichoma, akaongeza kwamba nisubiri kuku aangue kwanza. Nikasubiri kuku.

Niliipeleka kwa fundi Dastan, Bariadi mjini. Alishika pua.

"Babu, hii TV ya kichogo kauze chuma chakavu. Nina flati nzuri hapa."

"Nimekuuliza bei ya flati?"

"Hapana, babu."

"Basi shika bisibisi."

Kinyesi nilikitoa mwenyewe, kwa mswaki na kitambaa chenye spiriti. Waya zilikuwa zimeliwa na panya. Dastan alitafuta vipuri kwenye televisheni nyingine iliyokufa, akaunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha, akatoboa tundu la kuunganishia king'amuzi. Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka wateja wakadhani ni duka langu. Akisema "hii itashika tu, babu," namwambia arudie. Hatimaye mstari mweupe ukatokea katikati ya kioo, ukafunguka taratibu, na mtangazaji akajitokeza, kichwa kimepinda. Dastan akakinyoosha. Sikutaka anione natabasamu, nikageukia barabarani.

Jumapili Kasmiri akaja bila kualikwa. Akakaa kwenye kiti changu.

"Anakamulika?"

"Tazama."

Alitazama taarifa ya habari mpaka mwisho. Akala kuku wetu. Kisha akajifuta mikono, akasema, "Umemtunza vizuri, msomi wa koroboi. Ng'ombe amepona, anarudi zizini. Salu, leta kamba tumfunge kwenye pikipiki."

Nikasimama kati yake na televisheni.

"Nipe kwanza ndama wangu."

"Ndama gani?"

"Anayechunga hapati ndama? Leo mila umeisahau?"

"Mkwe, televisheni inazaa?"

"Haizai?"

"Itazaaje!"

"Basi si ng'ombe."

Salu akabaki na kamba mkononi. Kasmiri akaona upenyo.

"Kama si ng'ombe, uliniletea kumi na mmoja. Binti yangu amekaa hapa miaka yote mahari pungufu."

"Pungufu, ndiyo! Na wewe mwenyewe ndiye uliyenyoosha kidole. Mtoto wako amechekwa kisimani kwa ajili ya kidole chako. Kesho utapata wa kumi na mbili, mwenye pembe na mkia, na hii haitoki hapa."

Lucy alikuwa mlangoni. Hakucheka.

Asubuhi nilimtoa mtamba wangu mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mzuri kuliko wote zizini. Salu alimswaga, mimi nikafuata nyuma mpaka Migato. Niliita mashahidi wa siku ile waliobaki hai, nikawaambia wahesabu mahari yote kwa sauti, tangu ng'ombe wa kwanza. Walipofika kumi na mbili, Kasmiri alimpapasa mtamba mgongoni, akatafuta kasoro, asiione.

Kwa hiyo nimelipa mtamba kwa kitu nilichokuwa nimekinunua kwa pamba yangu. Nikikumbuka, damu inachemka. Kisimani, lakini, lile jina halisikiki tena, na televisheni ina kitambaa alichokidarizi Lucy.

Kasmiri bado huja kila Jumapili kutazama habari. Nimempa kigoda cha karibu na mlango. Juzi aliniinamia, akasema, "Mkwe, yule mtamba ana mimba."

Nikaongeza sauti ya televisheni.