Kima Waliozoea Watu

Kitabu chenyewe ni kikuukuu. Mimi nilikisoma darasa la tatu, binti yangu Latifa akakisoma, na mwaka huu mjukuu wangu Kuluthumu amekikuta kabatini shuleni, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Ni picha za msituni tu. Mtoto amekaa juu ya gogo, kanyamaza, na wanyama wanamjia mmoja mmoja: paa, ndege, komba mwenye macho kama vifungo vya koti. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mpaka ukurasa wa mwisho ni kukaa pamoja na kufurahi.

Kuluthumu ana miaka minane. Aliletwa kwangu, huku juu ya Gare, mwezi wa kwanza, mama yake, Latifa, alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Alilia mpaka na mimi nikawa nalia naye jikoni. Alipokipata kitabu kile akatulia. Sasa utulivu kama ule, nani ana moyo wa kumnyang'anya mtoto?

Shamba langu ndilo la mwisho. Likiisha inaanza miti ya msitu. Huku kwetu mwenye dungu la juu, kile kichanja cha kulindia mahindi, halindi shamba lake peke yake. Kima wakitoka msituni anapiga debe na kelele, na wa mashamba ya chini wanajua. Hata watu wasiosalimiana hupigiana debe. Goti langu linauma, kwa hiyo mahindi yalipoanza kubeba nilimpandisha Kuluthumu dunguni, shule ikiwa imefungwa.

Siku tatu sikusikia debe. Ya nne nikajikongoja mpaka juu. Nikamkuta ameshuka dunguni, amekaa, mikono magotini, na mbele yake kima tisa wanamenya mahindi yangu. Jike mmoja, mwenye mtoto kifuani, alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

"Shikamoo, Bibi," akaninong'oneza. "Usikohoe."

"Marahaba. Debe liko wapi?"

"Nimelikalia."

Mimi na vitendawili ndivyo tulivyo, hata hasira hainizuii. Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Ana mikono minne, jembe hana, na anavuna kabla yangu."

"Bibi! Si huyo hapo?" Akamwonyesha kwa kidevu, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu aje.

Ningepiga debe wakati ule. Badala yake nikakaa chini kando yake, ukungu ukatushukia, na yule jike akanitazama huku akitafuna, kama jirani aliyekuja kunijulia hali. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Juma zima tulikaa hivyo.

Jioni moja akaja Zuberi, mwenye shamba lililo chini ya langu. Akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uji."

"Uji wa mahindi ya nani? Ya kwangu yameisha nusu." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mama, dungu lako limekufa? Kima wanapita mbele ya mjukuu wako kama wanakwenda gulioni."

"Nisamehe. Ni mtoto."

"Na wangu ni watoto, na wanakula. Keshokutwa nategesha waya. Nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha."

Kuluthumu alikuwa nyuma ya mlango. Usiku alinishika mkono. "Tuwafukuze kesho, Bibi. Wote. Wasishuke tena kwa Zuberi."

Alfajiri tulikuwa juu. Walipotoka msituni nikapiga debe mpaka likabonyea. Kuluthumu akapiga kelele, sauti ikamkauka. Kima wakatutazama. Wakasogea hatua mbili tatu, wakakaa, wakaendelea kumenya. Yule jike alikuja karibu zaidi, nadhani alitaka kuona tuna nini leo. Hawakutuogopa hata kidogo. Tulikuwa tumewafundisha wenyewe.

Siku ya pili yake waya ukamkamata yule jike. Tulipofika alikuwa amekwisha kufa mpakani mwa shamba la Zuberi, na mtoto wake amekaa juu ya tuta, anamvuta mkono. Zuberi alikuwa amevua kofia.

"Mama, hata sikuuficha," akasema, na hakuwa na furaha. "Waya mtupu, sikufunika hata jani. Kima wa kawaida angeuona akazunguka. Huyu alikuja ananitazama usoni, anatembea kama anakwenda kisimani."

Kuluthumu aliuliza polepole, "Alidhani ni mimi?"

Nilitafuta uongo wa kumwambia, nikaukosa.

"Zimebaki nyaya nyingine nne," Zuberi akasema. "Siwezi kuzitoa, mama. Hujaona shamba langu lilivyo?"

Nililiona.

Wale wengine walikuwa bado mitini, wanangoja tuondoke au tukae, sijui. Kisha mtoto wa kima akaliacha tuta akaanza kumjia Kuluthumu, moja kwa moja, mkono mbele. Kuluthumu akainama. Nilidhani anataka kumpokea. Akaokota bonge la udongo akamrushia, likampata begani.

"Toka!" akasema. "Toka, mjinga wewe! Rudi kwenu!"

Yule mtoto akarudi nyuma, akakaa, akamtazama. Akaanza kuja tena. Kuluthumu akaokota jiwe, akakosa, akaokota jingine. Machozi yalikuwa yanamzuia kuona.

"Bibi, nisaidie! Mimi sipati. Mpige wewe, mpige aumie!"

Zuberi akageuka akatazama kwingine. Mimi nikaokota. Utotoni nilikuwa na shabaha kuliko kaka zangu wote, na Mungu anisamehe, asubuhi ile ilinirudia. Alilia kama mtu. Akakimbilia mitini, na wenzake wote wakakimbia naye, matawi yakavunjika mpaka mbali kule ndani, kukawa kimya.

Kuluthumu aliendelea kurusha.