Juu ya Mteremko wa Kibumba

Kalamu nyekundu ya Mwalimu Donat ilikuwa imefika kwenye sentensi mbili za mwisho za Henriette.

"Hizi tutazitoa," alisema. "Zinaharibu hadithi."

Nyuma ya darasa, kwenye dawati lililobana magoti yake, Muzee Kasereka aliinua kichwa. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Unga wa mbao ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Mchana ule hadithi za wanafunzi wa mwaka wa sita zingepelekwa kuchapwa, na ya binti yake Henriette, aliyefariki kwa homa mwezi wa tatu, ndiyo ingefungua kijitabu. Kwa ajili ya mzee huyo, somo lilifanywa kwa Kiswahili badala ya Kifaransa. Ubaoni yaliandikwa maneno matatu: mhusika, toni, dhamira.

Hadithi ilikuwa imeshasomwa. Ni mwaka 2190. Chukudu yenye akili, gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na mtu wa kulisukuma, inabeba viazi kutoka Kibumba mpaka mji uliojengwa mwezini. Haili, hailali, haiogopi giza la angani. Lakini kila ikifika juu ya mteremko, inasimama. Henriette alimaliza hivi: "Ikasimama juu, ikatazama nyuma. Bado haijashuka."

"Mhusika wetu ana tabia gani?" mwalimu aliuliza.

"Muvivu," alisema Benny. "Kila mteremko anapumzika. Sawa na mimi asubuhi."

Darasa likacheka. Joviale, aliyekaa dawati moja na Henriette miaka minne, hakucheka.

"Wee Benny, mashine haichokake. Mi naona iko na huzuni. Iko yenyewe huko juu, haina mutu."

"Toni ya huzuni, vizuri," alisema mwalimu, akaandika. "Dhamira: upweke. Lakini Joviale amesema kweli, mashine haichoki. Basi isimame kwa nini? Msomaji atasema mwandishi alijisahau." Akainamisha kalamu.

"Mwalimu."

Muzee Kasereka alisimama, na dawati likainuka naye. Wanafunzi wakabana vicheko.

"Mimi masomo sikumaliza. Naweza kuuliza?"

"Uliza, papa."

"Nani hapa alishateremsha chukudu ya mzigo kutoka Kibumba?"

Hakuna mkono ulioinuka. Benny alitazama viatu vyake.

Mzee alikwenda mbele, akapiga goti moja sakafuni, mikono kama imeshika usukani. Miaka thelathini alikuwa akichonga chukudu, na kabla ya kuziuza alizijaribu mwenyewe kwa mzigo.

"Breki ni kipande cha mpira wa tairi, huku nyuma. Unakikanyaga na muguu. Lakini magunia yakikufunika hivi, wewe mwenyewe huoni kama mpira umeanza kupasuka. Mwenzako njo anakuangalilia. Kwa hiyo anayefika wa kwanza juu ya mteremko hashuki. Anasimama, anangoja wa nyuma. Hata mvua inyeshe. Hata wanunuzi wakuite. Anayeshuka bila kungoja, hatumuiti mutu wa chukudu."

Akainuka, akapangusa goti.

"Henriette nilimubebaka juu ya viazi tangu miaka sita. Yeye njo alikuwa anashuka kuangalia mpira. Halafu anapiga makofi mawili: 'Papa, iko muzuri!' Mpira ukiwa mubaya, hapigi. Siku moja nilimukatalia, nikasema yeye ni mutoto, hajui. Alikaa chini mbele ya gurudumu. Nikabadilisha mpira."

Mzee alikuwa amenyooka kama mti aliouchagua mwenyewe msituni.

"Mashine yake haikuchoka, mwalimu. Inangoja. Na mutoto wangu hakujisahau."

Benny aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake.

"Kumbe si muvivu," alisema Benny polepole.

"Basi hata toni si huzuni," alisema Joviale.

"Ni nini, sasa?" aliuliza Benny.

Joviale alifikiri, macho yake kwa mzee. "Ni ya mutu anayejua kazi yake."

Mwalimu Donat alifunika kalamu nyekundu. Akafuta neno "upweke" kwa kiganja, akageuka. "Na dhamira, papa?"

"Hiyo mutaandika ninyi. Mi najua chukudu tu."

Safari hii walicheka pamoja naye.

Nje, chukudu mpya ilikuwa imeegemea ukuta wa mawe ya lava. Mnunuzi wake alikuwa akiisubiri upande wa ziwa. Muzee Kasereka aliisukuma mpaka pale barabara inapoanza kuteremka. Haikuwa na mzigo, na mpira wake haujawahi kuguswa na mguu. Alisimama hata hivyo.

Alisikia hatua zikikimbia. Joviale alitoka langoni, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akachungulia kwa muda mrefu, akabonyeza mpira kwa kidole gumba.

Kisha akapiga makofi mawili.

Mzee aliweka goti juu ya ubao wa chukudu. Hakumtazama Joviale. Alitazama mbele, mbali, mahali barabara inapopanda tena.