Mlango wa Robo ya Nne

Seremala alikwenda kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo akiwa mtu mzima mwenye akili zake, akarudi na mkakati. Tangu hapo hakukaliki naye. Ukimwomba chumvi mezani, anakuuliza lengo lako ni nini. Mkewe, ambaye amemvumilia mengi, alimsikiliza jioni nzima akieleza habari za dira, vipaumbele na tathmini, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Na mlango wa bafu uko wapi kwenye hayo yote?"

Maana bafu la nyumbani kwa seremala, jamani, halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia, tena fupi. Mtu aliyewatengenezea milango nusu ya mtaa alikuwa anaoga huku anaimba kwa sauti, ili watu wajue ndani kuna mtu.

"Umo," seremala akajibu kwa sauti ya ofisini. "Robo ya nne ya mwaka."

"Mama anakuja Jumamosi."

"Unaona sasa? Tatizo lako huendi na mpango."

Mkewe hakupandisha sauti, na hapo ndipo mwenye busara angeshtuka. "Sikiliza, baba watoto. Huo mlango nimeusema tangu mtoto wetu wa mwisho anatambaa, leo anakwenda shule. Mama yangu akioga nyuma ya pazia, siku akirudi kwake narudi naye. Huo ndio mpango wangu mimi."

Seremala akaahidi. Kesho yake asubuhi alitoa mbao nzuri alizokuwa amezificha nyuma ya karakana, akazipiga randa mpaka zikateleza, akaziunga zikawa ubao mmoja mpana. Ulikuwa mlango kabisa, umebakiza bawaba na komeo. Lakini aliporudi nyuma kuutazama, akakumbuka maneno ya semina: malengo yawekwe mahali pa kuonekana. Karatasi itachanika. Chaki itafutika. Akaangalia ubao. Akaangalia patasi yake.

Nakwambia alichonga! Wiki ile hakugusa kazi nyingine. Juu kabisa aliandika DIRA: KUWA SEREMALA NAMBARI MOJA. Chini yake zikafuata robo zote za mwaka, kila moja na fremu yake ya maua. Na mwisho VIKWAZO, kwa sababu mwalimu wa semina alisisitiza visisahaulike: UMEME KUKATIKA. MBAO KUPANDA BEI. WAGENI WANAOKAA SANA. Wateja waliokuja kuulizia viti vyao walionyeshwa ubao, wakaondoka wameduwaa. Kisha akautundika ukutani, akaufurahia mwenyewe.

Ijumaa alasiri alirudi nyumbani anapiga mluzi, akamkuta mkewe anakunja nguo na kuzipanga kwenye begi. Hakununa, hakulia, alikuwa anakunja tu.

"Unakwenda wapi?"

"Mbona unashtuka? Natekeleza."

Seremala akaogopa. Aliogopa kwelikweli, kwa sababu anampenda yule mwanamke na alikuwa hajamwambia siku nyingi. Alitoka mbio hadi karakana. Mbao hakuna, zote zilikuwa ukutani zimejaa maua. Alisimama mbele ya mpango wake wa mwaka, akayagusa maua, akaguna, kisha akaushusha. Kabla giza halijaingia, bafu lilikuwa na mlango. Kwa aibu, aliyageuza maandishi yaangalie ndani, mama mkwe asiyaone akipita uani.

Jumamosi mama mkwe akafika, akauona mlango, akausifu. "Ndiyo maana huyu nilimkubali," akasema. Mke wa seremala akaingia chumbani kimya kimya, akarudisha nguo zake kabatini. Roho ya seremala ikatulia.

Mama mkwe akaingia kuoga. Komeo likalia. Maji yakasikika, halafu yakakoma. Kukawa kimya. Kimya kirefu mno kwa mtu anayeoga, na seremala aliyekaa uani akaanza kuelewa.

Mlango ukafunguka. "Baba," mama mkwe akasema taratibu, "nimesoma humu kwamba mlango wa bafu ni robo ya nne. Sasa huu niliofunga ni nini?"

"Huo... huo ni wa muda tu, mama."

"Ahaa. Na hao wageni wanaokaa sana, ni akina nani?"

Mkewe alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Seremala akapekua kichwani mafunzo yake yote. Semina haikufika huko.

"Mimi nilikuja kulala siku mbili," mama mkwe akasema, akivuta kiti na kukaa vizuri. "Lakini mpango wako nimeupenda. Nitangoja robo ya nne, niuone mlango wenyewe." Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, hebu nitolee nguo zangu kwenye begi, uziweke kabatini. Kabati lenu lina mlango, lakini?"