Orodha ya Wachokozi

Shefu wetu wa ofisi, Eliud, alirudi kutoka semina ya siku tatu hotelini na beji shingoni, na mpaka leo sijui kama huivua anapolala. Akatuletea sheria. Sisi ni watu watatu hapa Gitega, tunapokea simu za watu waliochoka kuishi, na namba yetu ni ya bure, inatangazwa redioni mpaka Muyinga. Sheria ya kwanza ya Eliud: anayebipu ni mchokozi. Simu ikiita mara moja ikakatwa, huyo anacheza. Usimpigie, mwandike kwenye orodha ya wachokozi, endelea na kazi.

Eti namba ya bure. Nani Burundi hii anaamini kitu cha bure? Mtu akisikia neno hilo anajua kuna kitu atakatwa huko mbele. Kwa hiyo anabipu, kama anavyombipu shemeji yake, anangoja apigiwe. Mimi Nuru, niliyeuza vitenge sokoni miaka tisa, nililijua hilo vizuri. Lakini mi ni nani nibishane na beji? Orodha niliishika mimi, kwa mwandiko wa kupendeza, na wenyewe nikawacheka. Nilisema wabahili hawa, hata kilio chao wanataka tuwalipie.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, namba ikabipu. Baada ya dakika mbili, tena. Ya tatu, ya nne. Nikafyonya, nikaandika: mchokozi. Ya tano ikaita kidogo zaidi, kama vile mtu amesahau kukata, kisha kimya. Nadhani nilimkumbuka mama yangu. Bipu moja kwake ni nimefika, mbili ni nipigie, akizidisha hapo najua anaumwa. Nikachukua simu yangu mwenyewe, nikapiga.

Akapokea mwanamume, Kiswahili chake cha Tanzania kimenyooka, akaniomba radhi kwa usumbufu. Anaitwa Longino, mkulima wa Giteranyi. Amekulia kambi ya wakimbizi huko Tanzania, amerudi na mke na watoto, akakuta shamba la baba yake linalimwa na wengine. Mke na watoto amewapeleka kwa shemeji yake Kobero. Baiskeli amempa jirani, Moses. Aliyasema yote hayo kwa upole, kama mtu anayefagia nyumba anayohama.

Mtu wa Giteranyi anagawa baiskeli? Baiskeli ndiyo miguu yake, ndiyo inayobeba mihogo yake mpaka sokoni. Nikaogopa, nisiseme uongo. Eliud alikuwa amesimama mbele yangu, ananionyesha saa, ananionyesha fomu: zinaandikwa simu zilizoingia tu, hii haina mahali. Nikamgeuzia mgongo, yeye na beji yake.

"Ndugu yangu Longino," nikasema, "unataka kujiua?"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Ndiyo, dada. Leo."

Kisha akalia. Akasema tangu arudi wamemuuliza karatasi, wamemuuliza jina la babu yake, wamemuuliza mashahidi wako wapi. Swali langu hilo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sikumpa hotuba. Nilimwomba atoke nje, akae mahali ambapo watu wanamwona, na anipe namba ya Moses. Akanipa. Nikanyakua simu ya mwenzangu Raissa, nikampigia Moses, Longino bado yuko kwenye sikio la pili. Moses alikuwa anaing'arisha baiskeli, mjinga yule, hakujiuliza hata kidogo. Nikamwambia aipande sasa hivi, airudishe, ampigie mkewe aje kutoka Kobero, akae na mwenzake bila kumwacha mpaka afike, wampeleke pamoja kituo cha afya. Dakika ishirini nilimuuliza Longino habari za watoto wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka meno yaliyong'oka. Hatimaye nikasikia kengele ya baiskeli.

"Jirani," Moses akamwambia, "mi nilidhani umenipa kwa kunipenda tu."

Saa nane mkewe akanipigia. Amefika, wako wote njiani kwenda kwa daktari. Nikaweka simu mezani.

Eliud akaja na fomu yake, uso mkavu, akaniuliza simu ile aiandike safu gani. Nikaivuta orodha ya wachokozi, kurasa sita, nikaanza juu. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili alikuwa kijana wa kazi za gereji, akacheka, alikuwa anacheza kweli, na nikamshukuru Mungu kwa upuuzi wake. Ya tatu akapokea msichana, yuko Gishubi.

"Mnamtafuta nani?"

Nikamwambia namtafuta aliyetubipu tarehe sita.

"Hii simu ilikuwa ya mama," akasema. "Tulimzika tarehe nane."

Nikatazama ule mstari. Umeandikwa: amebipu mara saba, bahili huyu. Eliud hakuandika neno hata moja pale. Mwandiko wote ni wangu.