Joto la Mama Kasyoki

Kila asubuhi Nalangu alimpitishia Nthambi maziwa pale Kitengela, akitokea upande wa Isinya kwa pikipiki iliyoendeshwa na shemeji yake. Jumanne hiyo alimimina maziwa kwenye sufuria kama kawaida. Nthambi akaishika kwa mikono miwili, na kabla hajageuka kuingia ndani, maziwa yakachemka. Yalipanda hadi ukingoni na mengine yakamwagikia vidoleni. Vidole havikuungua.

"Imechemka," Nalangu akasema.

"Naona," Nthambi akasema.

Nalangu alifunika mtungi wake. Mwaka wa ukame alikuwa ameona ng'ombe wakifa wakiwa wamesimama, kwa hivyo maziwa ya kuchemkia mkononi hayakuwa jambo la kumchelewesha. Hata hivyo aliuliza, "Mama Kasyoki, ni nini wamekufanyia?"

"Hakuna. Niko sawa."

Siku iliyotangulia Nthambi alikuwa amekwenda Matasia kuangalia ploti yake. Mama yake alipofariki kule Makueni, kaka zake walichukua shamba la michungwa, yeye wakamwachia ng'ombe. Aliwauza, akanunua ploti wakati Matasia bado ilikuwa nyasi na miiba. Siku ya kuandikisha hati yeye alikuwa hospitalini, amejifungua Kasyoki, kwa hivyo jina lililoandikwa ni la Kiema, mumewe. "Mimi na wewe ni kitu kimoja," Kiema alimwambia, na alikuwa akiamini anachosema. Tangu hapo Nthambi hakuacha mwaka upite bila kwenda kung'oa magugu kando ya ua. Akimaliza alisimama mahali alipotaka jiko lake liwe, akatazama vilima vya Ngong, kisha akarudi nyumbani.

Jumatatu hiyo alikuta mitaro ya msingi imechimbwa. Fundi alimwambia nyumba ni ya Wathome. Wathome ni mdogo wake Kiema.

Jioni, Kiema alieleza huku akivua viatu vya kazi. "Wathome anaoa na hana pahali. Si ni ndugu yangu? Sisi tuko na hapa."

Hapo palikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili.

"Ungeniambia, Baba Kasyoki."

"Ningekuambia ungekasirika."

"Sijakasirika."

"Hiyo ndiyo nakupendea," Kiema akasema, akaomba chai.

Baada ya yale maziwa, nyumba ilizoea haraka. Nthambi alikumbatia sufuria ya ugali, ikaiva. Alitumbukiza mkono kwenye karai, maji ya kuoga yakawa tayari. Mtungi wa gesi ulikaa hadi ukashika vumbi, na Kiema aliwaambia wenzake kazini kwamba Mungu amemkumbuka. Sokoni, Nthambi alikokuwa akishona sare za shule, pasi ilikaa kabatini. Alipitisha kiganja juu ya marinda, yakanyooka.

Majirani walianza kuleta vyakula vigumu, maharagwe na muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa. Nthambi aliketi kwenye kigoda, sufuria mapajani, wakazungumza habari za mvua na karo. Haikuchukua muda wakagundua kwamba chakula kiliiva upesi zaidi akitajiwa Matasia. Jirani mwenye haraka aliuliza tu, "Ujenzi wa shemeji yako umefika wapi?" Nthambi alijibu, "Wanaendelea vizuri," na maharagwe yakaanza kutokota.

Meno yalimuuma kwa kuyakaza. Usingizi ulimpotea na kifua kikawa kama kimefungwa kamba. Alikwenda kliniki, ambako muuguzi aitwaye Wakhungu alimpima joto, akasoma kipimo mara mbili.

"Joto lako ni la kawaida, mama. Uko na mawazo?"

"Kidogo."

"Punguza mawazo." Alimpa dawa za maumivu. Nthambi alipoinuka kuondoka, Wakhungu alimsogezea kikombe cha chai iliyokuwa imepoa. Nthambi akakishika hadi kikafuka mvuke, akamrudishia.

Kasyoki alipofunga shule, alimkuta mama yake ameinamia sufuria ya mtu mwingine, midomo ikicheza bila sauti. Alisimama mlangoni akamtazama.

"Mum, si uwaambie tu?"

"Niwaambie nini?"

"Hiyo kitu unaambia sufuria."

Nthambi alimtuma chumvi dukani.

Ujenzi ulipofika kwenye linta, juu ya madirisha, Wathome alipiga simu. Kuni Matasia zilikuwa ghali na mafundi walitaka chakula cha mchana. Kiema alimpelekea mkewe ombi hilo kwa upole, kama alivyofanya mambo yote. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Ni siku chache tu," akasema. "Na wewe unapenda kwenda huko."

Nthambi alikwenda. Njia nzima aliyapanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika aliweka kigoda chake mahali pale alipotaka jiko, ambapo sasa palikuwa chumba cha kulala, akapakata sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe. Nyasi zilizomzunguka zilikauka zikawa manjano. Githeri ilitokota kabla mafundi hawajamaliza kuchanganya simiti. Wathome alipopita na toroli, Nthambi alimwita.

"Wathome. Hii ploti ni yangu. Niliinunua na ng'ombe wa mama yangu."

Wathome aliiweka toroli chini. "Najua, shemeji," akasema. Naye pia hakuwa mtu mbaya. "Kila mtu anajua."

Nthambi alihisi mikono ikipoa. Baridi ilianzia kwenye kucha ikapanda hadi viwikoni, naye akavuta pumzi ikafika chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa miezi. Alidhani sasa kutafuata neno jingine. Alilingoja.

"Githeri imeiva?" Wathome akauliza.

"Imeiva."

Wathome akainua toroli yake. Mikono ya Nthambi ikarudia joto.

Kesho yake asubuhi Nalangu alifika na maziwa. "Sopai," akasalimu, kisha akauliza tena swali lake, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza habari ya watoto. "Ni nini wamekufanyia?"

Nthambi alifungua mdomo aseme yuko sawa. Badala yake alianza na mama yake, jinsi alivyowaita ng'ombe wale kwa majina. Akaeleza hospitali na hati, mitaro, na neno lile la Kiema la kitu kimoja. Nalangu aliketi juu ya jiwe la langoni. Hakutoa ushauri. Pikipiki ilipiga honi, akaipungia mkono iende. Jua lilipanda, maziwa ya wateja wengine yakaganda mtungini, naye akaendelea kusikiliza. Nthambi alilia kidogo, akapenga kamasi kwa leso, akamalizia.

"Pole," Nalangu akasema. "Hiyo ni kitu kubwa."

Siku hiyo maziwa hayakuchemka. Nthambi aliifuta vumbi gesi, akawasha kiberiti. Alipika chapati huku akiimba wimbo wa kwaya, na akalala hadi kukapambazuka.

Nalangu alirudi na kuketi tena siku iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Sare zilirudi kupigwa pasi. Mafundi wa Matasia walikula ndengu ambazo hazikuiva. Majirani walibeba maharagwe yao wakayarudisha nyumbani, wakiulizana amepatwa na nini. Kiema alimshika mkewe paji la uso.

"Mbona umepoa hivi? Uko mgonjwa?"

"Sijawahi kuwa mzima hivi."

Kiema aliliwaza jambo hilo kwa siku kadhaa. Alikuwa na wasiwasi wa kweli juu ya mkewe. Aliuliza huku na huku, akaambiwa kuna mama wa maziwa anayemkalisha langoni kila asubuhi. Ijumaa alitoka mapema, akamngojea Nalangu barabarani, akamshukuru kwa huduma ya miaka yote, akamwambia sasa watatumia maziwa ya pakiti.

"Yeye atasema na nani?" Nalangu akauliza.

"Ataongea na mimi," Kiema akasema.

Jioni alimwambia mkewe. Nthambi alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Sasa unaweza kuniambia mimi," Kiema akasema.

"Nataka ploti yangu."

Kiema alifikiri. "Mbali na hiyo," akasema.

Kioo cha dirisha kikaingia ukungu, kutoka chini hadi juu. Kesho yake Nthambi alipelekwa Matasia na sufuria mbili, na mafundi wakala wakashiba.

Nyumba ilifunguliwa Julai, mwezi ambao baridi ya Ngong hushuka Matasia na ukungu wake na haiondoki hadi mchana. Mchungaji alibariki kila chumba. Wathome alimshukuru kaka yake kwa ardhi, Kiema akamshukuru mkewe kwa moyo wake mkubwa, na watu wakapiga makofi. Kasyoki peke yake hakupiga. Alikuwa ameikunja mikono kifuani, na mjomba mmoja akamnong'oneza kwamba msichana mzuri hanuni mbele za wageni.

Kisha wakaitwa nje kupigwa picha. Mpiga picha aliwapanga wenye nyumba katikati na jamaa pembeni, lakini baridi ilikuwa kali na hawakukaa walivyopangwa. Walimsogelea Nthambi mmoja mmoja. Bibi harusi alimshika mkono wa kulia, mchungaji wa kushoto, Wathome akamwegemea mgongoni, Kiema akamwekea shavu begani, na watoto wakajibanza kwenye sketi yake. Mpiga picha aliwaambia watawanyike kidogo. Hawakutawanyika, akawapiga hivyo hivyo.

Picha hiyo iko ukutani sebuleni kwa Wathome. Wote wanatabasamu, mashavu yamewaiva kwa joto. Mgeni asiyeijua familia hiyo akiitazama, huuliza kama yule mama wa katikati ndiye mwenye nyumba.