Wageni Walioshiba

Majirani walimwita Mama Sindano, kwa sababu ya cherehani yake na kwa sababu ya ulimi wake, naye hakulikataa jina. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Hakuna jirani aliyewahi kumwazima hata chumvi. Familia yake ikialikwa popote, kwanza ilikula nyumbani ikashiba, ili ikifika kwa watu ionje kidogo kwa madaha, asitokee mtu wa kusema kwamba kwa Mama Sindano kuna njaa.

Kwa hiyo siku walipoalikwa chakula cha jioni kwenye mkahawa wa Kiitaliano alikofanya kazi binti yake, alibandika sufuria ya wali na maharage mapema. Mumewe, dereva wa lori, mtu mwenye mwili wake na asiyejua kukataa chakula, alijaza sahani mara mbili. Wifi yake alijaribu kuuliza huko wanakokwenda wataweka wapi chakula cha watu. Mama Sindano akamwambia aongeze maharage.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo, wa meza chache zilizobanana, na ukutani tanuri la kuni lililowaka na kukipa chumba joto la kitandani. Kitunguu saumu kilinukia hadi mlangoni. Mama Sindano, kabla hata ya kukaa vizuri, alipitisha kidole kwenye pindo la kitambaa cha meza, akaona limeshonwa upogo, akaridhika. Kupitia dirisha la jiko alimwona binti yake ndani ya koti jeupe, akiwaambia wanaume wawili wakubwa kuliko yeye cha kufanya, nao wakifanya. Kifua kilimpanda mama huyo kwa fahari. Aliwahi kulia siku binti aliposema anataka kuwa mpishi, na leo asingekubali kukumbushwa.

Chakula kikaanza kuja. Ilikuja supu ya mboga, kisha tambi katika mchuzi wa nyanya, kisha tambi nyingine, pana, zilizopangwa tabaka kwa tabaka na nyama ya kusaga na jibini. Mama Sindano alichota vijiko vitatu vya kila kitu, akapangusa midomo, akasukuma sahani. Utamu aliusikia, ila nafasi haikuwepo. Wifi alihema kama aliyepanda ngazi. Baba peke yake ndiye aliyeendelea, jasho likimtoka kipajini, amelegeza mkanda, anakula kwa sababu ameshindwa kuacha.

Ndipo Mama Sindano alipomwona mwenye mkahawa. Mzee huyo mwenye masharubu meupe alisimama kwenye mlango wa jiko, na kila sahani iliyotoka mezani kwao ikiwa bado na chakula aliizuia, akaitazama, akaiachilia. Kila alipotazama, uso ulizidi kuanguka. Mama Sindano alimwita mhudumu akamuuliza yule bwana anatafuta nini katika makombo ya watu.

Mhudumu alisita, kisha akainama na kumweleza kwa sauti ya chini. Mpishi mkuu wa pale alikuwa anastaafu. Kwa desturi ya nyumba ile, hakuna aliyepewa nafasi hiyo kabla hajawapikia watu wa kwao, bila wao kujua kwamba ni mtihani. Mwenye mkahawa aliamini kwamba mgeni husifu chochote, lakini watu wanaoujua mkono wako tumbo lao halisemi uongo. Mpishi mwenzake binti, aliyeitaka nafasi ile ile, alikuwa amewapikia wa kwao wiki iliyopita. "Sahani zao zilirudi safi, mama," mhudumu akasema. "Kama zimeoshwa."

Mama Sindano aliivuta tena sahani yake. Alijaza kijiko, akakirudisha: wali na maharage havikuacha nafasi. Wifi alinong'ona kwamba waseme wanaumwa. Lakini uongo huo ungeliangukia jiko lile lile. Na kusema kweli je? Meza ya pili alikaa mteja wake, mke wa mwenye duka la vitambaa, mwanamke ambaye habari ikiingia sikioni mwake hailali humo. Kufikia kesho mtaa mzima ungejua kwamba Mama Sindano hulisha watu wake kwanza kwa kuogopa kuchekwa. Aliitazama meza ile, akalitazama dirisha la jiko. Binti alikuwa ameinamisha kichwa, anapangusa sehemu iliyokwisha kuwa safi.

Mficha uchi hazai. Mama Sindano akapiga moyo konde, akasimama, akamfuata mwenye mkahawa pale mlangoni. Chumba kilikuwa kidogo, na yeye hakujua kunong'ona.

"Bwana, usizitazame sahani hizi. Tumekuja hapa tumeshiba. Nimewalisha mimi nyumbani, wali na maharage, kwa sababu niliona haya tuonekane tuna njaa. Kosa ni langu, si la mpishi."

Mke wa mwenye duka aliweka kijiko chini ili asikie vizuri. Uso ulimwaka Mama Sindano, lakini kwa kuwa alikwisha kuanza, hakuona sababu ya kuacha.

"Na ukitaka kujua mwanangu anapikaje, mtazame mume wangu. Yule ameingia na sahani mbili tumboni, na zako zote amezimaliza."

Watu wote waligeuka. Baba alikuwa na kipande cha mkate mkononi, anapangusia mchuzi wa mwisho, na alipoona anatazamwa akakimeza harakaharaka. Mwenye mkahawa aliitazama sahani ile, akautazama mkanda uliolegezwa, masharubu yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamwita binti atoke, akamtangazia mbele ya wateja wote kwamba kuanzia kesho jiko ni lake, na kwamba siku nyingine mama yake aje na njaa.

Makofi yalipopungua, binti alikaa kando ya mama yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulijua tumekula?" mama akauliza.

"Tangu supu iliporudi. Nakujua, mama."

"Sasa mbona hukumwambia bwana huyu?"

"Ningemwambiaje? Hayo ni ya nyumbani kwetu. Afadhali nikose nafasi kuliko watu wakucheke."

Miaka yote Mama Sindano alidhani heshima ya nyumba ile anailinda peke yake. Aliushika mkono wa bintiye, wenye alama za moto wa tanuri, na hakuuachia.

Mke wa mwenye duka aliinama kutoka meza yake, akauliza kwa utamu kama huyo ndiye binti aliyepika.

"Ndiye," Mama Sindano akasema, kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. "Mpishi mkuu wa hapa. Na mimi ndiye niliyemzaa."