Kila Duka, Nyumba Moja

Mtaa ule wa maduka ulikuwa umezeeka, tusidanganyane. Mabati yalivuja, mtaro ulinuka, na wateja walishahamia kwenye maduka mapya ya vioo. Kwa hiyo watu wa mipango miji walipokuja na michoro yao ya ghorofa, maduka chini, makazi juu, wengi walishukuru. Sharti lilikuwa moja: kila duka litapewa nyumba moja, ya familia moja.

Kwa Bi Mkubwa, hapo ndipo palipoingia mdudu. Duka la ushonaji aliloacha marehemu mumewe lilikuwa na wajane wawili. Yeye akikata vitambaa, Bi Mdogo akishona, na kutwa nzima maneno yao ni "mkasi", "uzi", "funga mlango". Mume, mjanja yule, alimpangia kila mmoja upande wake wa mji. Duka tu ndilo lililowakutanisha. Leo walale chini ya dari moja? Bora kufa, Bi Mkubwa alijisemea. Na cheti cha ndoa alikuwa nacho yeye peke yake. Angesema tu kwamba mjane ni mmoja, mwenzake angebaki barabarani.

Alipania kusema. Nami simlaumu sana. Ukewenza ni moto, aliyeungua ndiye ajuaye.

Siku ya kuandikisha, binti wa mipango miji alikunjua mchoro wake juu ya meza ya kukatia. Bi Mkubwa alikuwa chumba cha nyuma, akipiga pasi, akamsikia akiuliza, "Na wewe mama, ni nani hapa?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwenye duka yuko humo nyuma, mimi fundi wake tu," Bi Mdogo akajibu. "Mwandike yeye. Ila nakuomba umwambie, duka jipya likiwa na pembe ya cherehani, asinifukuze."

Lo, kumbe. Alichokitaka miaka yote kimeletwa mkononi bila ugomvi, na kilimchoma kuliko pasi. Huyu ndiye aliyekuwa akimgeuza marehemu kitandani na kumfulia mashuka, wakati yeye mgongo umemkatalia. Leo anajiita fundi tu. Bi Mkubwa aliona aibu, aibu hasa.

Akatoka. "Mwanangu, usiandike hayo. Huyu anasema uongo."

Bi Mdogo akainamisha kichwa, akijua yake yamekwisha.

"Ni mke mwenzangu. Tuliolewa na mtu mmoja, tukamzika pamoja. Tuandike familia moja."

Binti akawatazama kwa zamu. "Mtaweza kuishi pamoja, mama?"

"Tutagombana pamoja. Vyumba vya kulala vingapi?"

"Viwili."

Bi Mkubwa akamgeukia mwenzake. Tangu waanze kujuana hakuwahi kumwita kwa jina lolote la udugu.

"Haya, mdogo wangu. Chagua chako kwanza."

Bi Mdogo hakuchagua. Alijifunika uso kwa gauni alilokuwa akilishona, akalia humo, na gauni lenyewe lilikuwa la mteja.